Nukta Mbili

Maombi sitini na mawili, nafasi saba.
Lifti imekufa tangu Jumatatu,
tumepanda ngazi hadi ghorofa ya nne
tumekumbatia mafaili
kama watu waliotoka kliniki na watoto.
Nje, Chiromo inanyeshewa.
Ndani, chai ya maziwa, viazi vitamu,
na Bi. Halakhe akigawa karatasi za alama:

swali la utafiti, ishirini;
mbinu, thelathini;
uwezo wa mwombaji, ishirini na tano;
manufaa kwa taifa, kumi na tano;
barua ya mwalimu wake, kumi.
Jumla mia.
Hakuna safu ya kuandika: huyu nimemwamini.

Majina yamezibwa kwa wino mweusi.
Profesa Ong'ondo anasoma mistari miwili,
anavua miwani. "Huyu nimemfundisha mimi."
Anatoka, kama inavyotakiwa,
na kwa robo saa tunasikia viatu vyake
vikienda na kurudi ukumbini,
vikimwombea mtu asiyetajwa.

Ombi la kumi na tisa limepigwa pasi.
Kila sentensi imevaa tai.
Nimelitafuta swali ndani yake
kama nyama kwenye mchuzi wa matanga.
Lakini mbinu ni safi, marejeo yamepangwa,
na karatasi haiulizi kama nimechoka kusifu usafi.
Mbinu: ishirini na sita.

Ombi la arobaini na moja
limetoka kwa printa iliyokuwa ikikata roho,
herufi zimefifia upande wa kushoto.
Anataka kupima sumukuvu
katika maziwa yanayouzwa kwa kikombe Kariobangi:
mahindi yakiota ukungu, ng'ombe akiyala,
ukungu unavuka, haubishi hodi,
unaingia kwenye chai ya mtoto.
Dakta Wafubwa akasukuma kikombe chake
kando, kidogo tu.

Kwenye bajeti yake:
sampuli mia mbili arobaini, shilingi thelathini kila moja.
Na chini, kwa herufi ndogo:
*Nitanunua. Maziwa haya ni ya kuuzwa, si ya kuombwa.*

Barua ya mwalimu wake ina mistari mitatu.
*Huosha chupa za wenzake bila kuambiwa.
Hajanipa jibu asilolipima.
Mchukueni.*
Mwongozo wasema mwalimu amlinganishe na wenzake,
ataje cheo chake darasani, aeleze.
Hakueleza.
Nikampa nne.

Saa kumi na nusu Bi. Halakhe akafunga kikokotoo.
Nafasi ya saba: la kumi na tisa,
sabini na moja nukta sita.
Ya nane: la arobaini na moja,
sabini na moja nukta nne.

Tuko watano mezani.
Alama moja ya mtu mmoja, ikigawanywa kwa watano,
ni nukta mbili.
Nilifanya hesabu hiyo haraka kuliko nilivyopenda.
Tano badala ya nne, wangelingana.
Sita, na chupa zingehama.

Alama zikishasomwa hazibadilishwi.
Kanuni hiyo niliiandika mimi,
mwaka juzi, baada ya mtu kumwongezea mpwa wake tisa
huku tukimtazama.
Ni kanuni nzuri.
Niliipigania katika vikao vitatu.
Leo imenikalia kooni
kama mwiba wa samaki niliyemvua mwenyewe.

Tukatia saini. Ong'ondo akauliza kama mvua imekata.
Hakuna aliyejua.

Kuna kisanduku cha maoni kwa waliokosa,
maneno yasiyozidi thelathini.
Nikaandika: Swali lako ndilo bora katika maombi yote.
Omba tena mwakani. Mwambie mwalimu wako
aandike kwa urefu.
Nikaisoma sentensi ya mwisho, nikaifuta.
Nikaandika juu yake:
Mwambie mwalimu wako nilimsoma
kwa haraka.

Chai yangu ilikuwa imeshika utando.
Nikaiangalia.